Shosho Analipwa Pesa ya Wazee. Mbona Bado Anachuna Chai?

Kaa steji ya Wamagana wiki ile pesa ya Inua Jamii imeingia na lazima utasikia hii maneno: "Huyu shosho si amelipwa juzi? Sasa anatafuta nini kwa chai ya wenyewe?" Watu wanacheka, boda inawashwa, story inabadilika.

Leo wasee tusibadilishe story. Hilo swali lina historia ndefu kuliko umri wa huyo shosho, na jibu lake linatuhusu sisi wa miaka 20 kuliko vile tunafikiria.

Tuanze na hesabu. Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa miaka mingi zilikuwa zinakuja 4,000 kila miezi miwili, kama hazijachelewa, na zilikuwa zinachelewa sana. Gawanya 2,000 kwa siku 30, unapata kama shilingi 66 kwa siku. Sasa tuseme shosho bado ana nguvu ya kuchuna kilo 15 kwa siku, siku tatu kwa wiki, na mwenye shamba anamlipa shilingi 12 kwa kilo. Hiyo ni 180 kwa siku, 540 kwa wiki, 2,160 kwa mwezi. Jumlisha na ya serikali: 4,160. Ni kama shilingi 138 kwa siku, chakula, dawa ya presha, sabuni na sadaka zote zikiwa ndani.

Angalia hizo namba mbili vizuri. Pesa ya kibarua na pesa ya serikali karibu zinalingana. Ukimwambia achague moja, umemwambia aishi kwa nusu. Kwa hivyo anayeuliza mbona shosho anachukua zote mbili hajawahi kukaa chini apige hiyo hesabu.

Lakini tulifikaje hapa?

Hadithi ya "shamba ndio pensheni"

Huku kwetu tumelelewa na hiyo sentensi. Mzee hahitaji pensheni, ako na shamba. Mzee hahitaji serikali, ako na watoto. Inasikika kama mila za mababu, lakini nusu yake ni hesabu ya mkoloni.

Mababu kweli walikuwa na mpango wao. Ardhi ilikuwa ya mbari, kazi kubwa ilifanywa kwa ngwatio, na mtu akizeeka alipanda cheo kwa kiama badala ya kushuka. Mzee hakuwa mtu wa kuajiriwa kubeba kikapu cha mwingine. Huo mpango ulisimama kwa miguu miwili: ardhi ya kutosha, na vijana walio karibu.

Mwaka 1902 jeshi la Waingereza lilishambulia Tetu, na ngome ikajengwa mahali ambapo leo ni mji wa Nyeri. Kodi ya nyumba ikafuata. Ulilipa kwa kila nyumba, kwa hivyo mwenye wake wawili alilipa mara mbili, na nyumba ya mama mjane mara nyingi iliangukia kijana wake. Ukitaka pesa ya kodi, ilibidi utoke uende kufanyia mzungu kazi. Halafu ikaja kipande, sheria ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanaume alitembea na karatasi zake za kazi ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Ardhi ikachukuliwa, vijana wakaondoka. Miguu yote miwili ikakatwa.

Sasa sikia ujanja wenyewe. Mshahara wa Mwafrika ulipangwa kama wa mwanaume mmoja asiye na familia. Mke, watoto na wazazi walihesabiwa kuwa wanalishwa na shamba la nyumbani, kule "rizavu". Na yeye akizeeka, arudi huko huko. Kwa maneno mengine, mwajiri alichukua miaka yako ya nguvu kwa bei ya chini na akaacha uzee wako ulipwe na mama yako na jembe lake. Haya si maneno ya wanaharakati peke yao. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe, ile ya Carpenter, ilikubali kwamba mishahara imejengwa juu ya mtu asiye na familia, na ikapendekeza watu walipwe mshahara wa kulea familia.

Wakati huo huo, kule London

Hapa ndio inauma. Mwaka 1908, miaka sita tu baada ya vita vya Tetu, bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya pensheni ya wazee. Malipo ya kwanza yalitoka tarehe 1 Januari 1909. Shilingi 5 kwa wiki, ukiwa na miaka 70, unachukua posta. Hakuna kuchangia kwanza.

Na hiyo sheria haikusema mzee aache kazi. Ilisema hivi: kama mapato yako kwa mwaka hayapiti pauni 21, pata shilingi 5 zote. Ukipata zaidi kidogo, zinapunguzwa polepole. Ukipita pauni 31 na shilingi 10, hupati. Mzee wa kijijini aliyefua nguo za watu au kupalilia bustani siku mbili kwa wiki alichukua kibarua chake na pensheni yake, na hakuna aliyemuuliza anatafuta nini.

Ilikuwa na ubaya wake pia. Aliyesemekana amekataa kazi maishani angeweza kunyimwa, na aliyetoka jela alisubiri miaka. Lakini wazo lenyewe lilikuwa wazi: nguvu hupungua kidogo kidogo, kwa hivyo msaada nao uingie kidogo kidogo kujaza pengo.

Mfalme alikuwa mmoja, himaya ilikuwa moja. Mzee wa Uingereza alipewa shilingi 5, mzee wa Tetu alidaiwa kodi ya nyumba. Afrika Kusini ilipotoa pensheni ya wazee mwaka 1928, ilikuwa ya wazungu na wale walioitwa machotara. Mwafrika aliingizwa 1944, na kwa kiwango cha chini. Hawakusahau kwamba Mwafrika huzeeka. Waliamua nani alipe.

Miaka ya hatari na hati za shamba

Shosho wa miaka 80 na kitu leo alikuwa msichana mdogo hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu wakawekwa kwa vijiji vyenye ulinzi. Wanawake wengi walichimba handaki kando ya msitu, kazi ya lazima, bila malipo. Weka hiyo akilini ukisikia mtu anasema kizazi hicho "hakikuchangia popote". Kilichangia kwa mgongo, ila hakuna aliyeandika.

Mwaka huo huo wa 1954 ulikuja mpango wa Swynnerton: unganisha vipande vya ardhi, toa hati, ruhusu Waafrika wapande kahawa na chai. Tukisoma shuleni tunaambiwa hapo ndipo maendeleo ya Nyeri yalianza. Ni kweli, lakini nusu. Vipimo vilifanywa wakati wanaume wengi walikuwa kizuizini, na waliokuwa upande wa serikali walikaa vizuri kwa foleni. Na hati zikatoka karibu zote kwa jina la mwanaume. Ardhi ya mbari, ambayo mjane au mama asiyeolewa alikuwa na haki ya kuilima, ikawa mali ya mtu mmoja mwenye karatasi.

KTDA ilipoanza 1964, nambari ya mkulima ilifuata hati. Mama ndiye aliyechuna asubuhi na baridi, lakini malipo na bonasi viliingia kwa jina la mzee. Mzee akiaga, nambari ikaenda kwa kijana. Ndio maana leo unaweza kukuta shosho aliyechuna chai miaka 40 na hana hata mti mmoja kwa jina lake. Anachunia mtoto wake, au jirani, kwa kilo.

Kwa hivyo ukisema "shamba ndio pensheni", jiulize: shamba la nani?

1965: mwaka wa ahadi mbili

Baada ya uhuru, serikali ilitoa vitu viwili ndani ya mwaka mmoja. Kwanza, Sessional Paper No. 10 ya 1965, ile ya ujamaa wa Kiafrika, iliyosukumwa na Tom Mboya, na Mwai Kibaki wa Othaya akiwa kwa timu ya wizara. Ilisifu ule moyo wa familia ya Kiafrika, kila mtu kumjali mwenzake. Pili, sheria ya NSSF, ya kukata mshahara wa mfanyakazi ili awe na kitu akizeeka.

Moja ilisema familia itakubeba. Nyingine ilisema mshahara wako utakubeba. Yule asiye na mshahara na ambaye familia yake haina kitu hakuandikiwa mstari.

Na hata NSSF yenyewe ilikuwa nyembamba. Kwa miaka mingi, mpaka sheria mpya ilipoanza kutumika Februari 2023, mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Ile ya zamani pia haikuwa pensheni ya kila mwezi: ulipewa yote mara moja. Mzee ananunua mabati na ng'ombe, analipa karo ya mjukuu, na baada ya miaka miwili anarudi kwa kibarua. Mama wa kuchuna kwa kilo hakuwa hata na hiyo.

Kuna pesa nyingine iliyofika Nyeri ambayo watu hupenda kutaja. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama zikiwa ndani, kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau. Ilikuwa haki, na ilikuja ikiwa imechelewa miaka 60. Lakini hiyo ni fidia ya mateso, inalipwa mara moja. Huwezi kuiita mpango wa uzee.

Pesa ya wazee inazaliwa

Serikali ilianza majaribio ya kuwalipa wazee maskini mwaka wa fedha wa 2006/2007, Kibaki akiwa rais, na kaya chache sana. Mwanzoni ulihitaji kuwa na miaka 65 na kuthibitishwa kuwa maskini kabisa. Yaani baraza linakaa, watu wanakuangalia, wanasema huyu ni maskini, huyu si maskini. Hebu fikiria shosho anayejiheshimu akisimama kuthibitisha umaskini mbele ya watu aliowapikia uji wakiwa watoto. Na ukionekana na kikapu cha chai, kuna mtu atasema: huyo bado ana nguvu, mruke.

Katiba ya 2010 ikabadilisha lugha. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii. Kifungu cha 57 kinasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Soma tena hiyo "na". Haikuandikwa "au".

Halafu 2018, chini ya Uhuru Kenyatta, ikaja Inua Jamii ya miaka 70 na zaidi. Hapa kuna kitu wengi hawajui. Mpango huu uliacha lile swali la umaskini. Masharti makubwa yalikuwa uwe Mkenya, uwe umefika 70, usiwe unapokea pensheni, na usiwe kwa mpango mwingine wa pesa kama huo. Kibarua hakikuwa kosa. Kuchuna chai hakukuwa kosa. Kuuza mboga soko hakukuwa kosa. Yule wa steji anayesema shosho "anaibia serikali" anajitungia sheria yake.

Lakini sherehe iwe fupi, kwa sababu kuna matatizo matatu.

La kwanza ni kiasi. Ilikuwa 2,000 mwaka 2018 na nikiandika hii bado ni 2,000. Katikati hapo tumepita Korona, na tumeona unga wa kilo mbili ukipita shilingi 200. Karatasi haijabadilika, lakini kikapu cha sokoni kimekonda.

La pili ni mlango. Baada ya usajili mkubwa wa 2017, waliofika 70 baadaye walikaa nje miaka kadhaa wakisubiri orodha ifunguliwe tena. Na umri unasomwa kwa kitambulisho. Wanawake wa Kenya walianza kupewa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970. Shosho aliingia kwa foleni akiwa mtu mzima, karani akamuuliza amezaliwa lini, yeye akajibu kwa riika au kwa msimu wa njaa fulani, karani akaandika mwaka aliopenda. Leo huo mwaka wa kubahatisha ndio unaamua kama atakula.

La tatu ni lile sharti la pensheni. Mpishi wa shule aliyestaafu na pensheni ndogo anafungiwa nje kabisa. Mwenye nyumba za kukodisha mjini, akiwa na miaka 72 na hana pensheni, anaingia. Waingereza wa 1908 walipunguza polepole. Sisi tumeweka ukuta. Zanzibar walipoanza pensheni yao Aprili 2016, shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi kwa kila mkazi aliyefika 70, hawakuuliza kama una pensheni nyingine. Majirani wetu walitutangulia na walifanya kwa njia rahisi zaidi.

Hatari ambayo hatuizungumzii

Sasa niseme kitu ambacho hata wanaotetea wazee hawapendi kusikia. Mwaka 1795, mkate ukiwa ghali sana, mahakimu wa Berkshire, Uingereza, walikutana mahali panaitwa Speenhamland wakaamua: kama mshahara wa kibarua hautoshi mkate wa familia, kodi ya parokia ijaze. Ilisikika vizuri. Baadaye lawama ikaja kwamba wakulima wakubwa walianza kulipa kidogo makusudi, kwa sababu walijua parokia itamalizia. Mwaka 1834 wakaivunja wakaleta sheria kali ya nyumba za maskini. Wanahistoria wa baadaye wamebishana sana kama kweli mishahara ilishuka kwa sababu hiyo, na wengi wanaona lawama ilitiwa chumvi. Lakini hila yenyewe tunaijua bila kusoma kitabu: "Si wewe una pesa ya wazee? Nitakupa 8 kwa kilo."

Hapo ndipo hasira yetu inapaswa kwenda. Kilo ya shosho ina uzito ule ule wa kilo ya kijana wa miaka 25. Kituo cha chai hakina mizani ya wazee. Ukimkata shilingi nne kwa sababu serikali inampa 66 kwa siku, umechukua pesa ya walipa kodi ukaitia mfukoni mwako kupitia mgongo wake. Wewe ndiye unalipwa Inua Jamii, na hujafika 70.

Na tafadhali tusiponye Speenhamland kwa dawa ya 1834, ati kwa sababu mwajiri anapunja basi tuondoe msaada. Dawa ni bei ya kilo iwe moja kwa wote.

Sasa inatuhusu aje sisi?

Angalia kazi zetu. Boda, mjengo, kuuza nguo mtandaoni, kufanya content kama mimi. Hakuna anayekatiwa NSSF hapo mpaka ajikatie mwenyewe. Babu zetu walirudi kwa shamba la baba. Sisi hilo shamba limegawanywa mpaka limekuwa ploti ya kujenga chumba na choo. Nikifika 70 sitakuwa na chai ya kuchuna hata ya kibarua. Kwa hivyo tunapomcheka shosho kwa kuunganisha kibarua na pesa ya serikali, tunacheka maisha yetu yanavyokuja.

Msimamo wangu ni huu. Mzee anayetaka kufanya kazi afanye, na asipoteze hata senti. Mwenye pensheni ndogo apunguziwe badala ya kufukuzwa. Kiasi kipande bei ya vitu ikipanda. Na orodha isifungwe tena, kwa sababu watu hufika 70 kila siku, hawangoji tangazo la serikali.

Na kuna kazi ya wiki hii ambayo haihitaji bunge. Kama nyumbani kuna mtu amefika 70 na hana pensheni, muulize kama jina lake liliandikwa. Chukua kitambulisho chake uangalie mwaka. Kama mwaka ni wa uongo, anza kutafuta kadi ya ubatizo au karatasi yoyote ya zamani. Nendeni pamoja kwa chifu au kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, za Tetu ziko hapa hapa Wamagana. Kama miguu yake imechoka, uliza vile mtu wa familia anaweza kuandikishwa kama msaidizi wa kumchukulia pesa. Ukiandikishwa wewe, mpe zote mkononi, uzihesabu akiona.

Halafu akitoka hapo akienda kuchuna chai, mbebee kikapu mpaka kituoni, na uhakikishe kilo zake zimeandikwa zote.